Chupa Mbili Zilizoandikwa Dawa

Kabula, ng'wana Masunga,

Leo sikusalimu. Ukitaka kujua kama mimi ni mzima, muulize shangazi yako Milembe, yeye nimeshamwambia. Nimekaa kuandika kwa sababu nina hasira na wewe. Kesho alfajiri unapanda basi hapo Bariadi, na ukishafika Dar ukapanda ndege ya India, hasira yangu itabaki huku kwenye miwa ikinisumbua peke yangu. Bora uondoke nayo. Ni yako.

Mambo ya sweta, ya chakula, ya kutunza pasipoti na ya wanaume utaambiwa na mama yako na shangazi. Wamekuwa wakijiandaa kukuambia tangu upate hiyo nafasi ya kusoma, na mimi sitawanyang'anya kazi yao.

Barua hii Nkwabi, tunayelala naye banda moja hapa kambini kwa wakata miwa, Kilombero, ataipiga picha karatasi moja moja na kuituma kwenye simu ya shangazi. Milembe, najua wewe ndiye utakayeisoma kwanza. Soma. Ila usiruke karatasi halafu ukamwambia mtoto picha haikufunguka.

Tulipokuwa bado tunapigiana simu, uliniomba nije Morogoro, pale stendi ya Msamvu, basi lenu likipita jioni, ili unione kabla hujatoka nchini. Nikakwambia nina kazi. Siku ile ilikuwa kweli. Lakini leo asubuhi mtambo wa kiwanda cha sukari umeharibika, msimamizi amepita kwenye mabanda akasema miwa isikatwe mpaka atakapotangaza. Kwa hiyo kazi sina, na uongo wa kukwambia nao sina tena. Sababu ya kutokuja imebaki moja, nayo ni wewe.

Nilikuona kwenye simu. Tulikuwa tumekaa nje tunanoa mapanga, Nkwabi akaja ameinua simu yake juu kama mtu aliyeokota kitu.

"Masunga, huyu si Kabula wako?"

Ulikuwa umesimama kwenye ukumbi hapo Bariadi, siku walipowaaga ninyi mnaokwenda kusoma nje. Umevaa gauni la kitenge, kipaza sauti mkononi, hutetemeki. Nilifurahi, nisikudanganye. Niliwaambia wote waache mapanga wasogee waone mtoto wangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliwaita mwenyewe.

Ukasema: "Nikiwa mtoto, baba alinipaka kichwani dawa ya pamba akidhani ni dawa ya mapunye, kwa sababu baba yangu hakujua kusoma."

Mgeni mmoja meza ya mbele akavua miwani akafuta macho. Ukaendelea kuwaambia kwamba ndiyo maana unakwenda kujifunza kutengeneza dawa inayofika pale inapotakiwa bila kumdhuru mtu. Wakapiga makofi, na wengine wakasimama.

Huku kambini hakuna aliyepiga makofi. Unajua kazi yangu ya pili hapa ni nini? Mimi ndiye ninayewasomea hawa wanaume meseji za wake zao. Mimi ndiye ninayeandika majina ya zamu msimamizi akiwa hayupo. Wakanitazama. Kisha Nkwabi akasema polepole, "Kumbe, mzee. Ile meseji uliyonisomea kwamba mke wangu ananikumbuka, ulikuwa unabuni?"

"Ndiyo maana ya kwangu kila mara inasema mbuzi ameingia shambani," akasema Ndunguru, mzee wa Kingoni ambaye tunakata naye mstari mmoja. "Masunga anajua sentensi mbili tu. Mimi nikapewa ya mbuzi."

Wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ukinuna kambini siku moja utataniwa mwaka mzima. Lakini tangu siku hiyo kuna kijana akiletewa ujumbe anakwenda kusomewa na mpishi. Anapita tu mbele yangu na simu yake.

Nilisoma mpaka darasa la sita, Kabula. Sikufika la saba kwa sababu mwaka ule malisho yalikauka kijijini kwetu Sola kote na babu yako akanitoa nifuate ng'ombe upande wa Meatu. Mwalimu alikuja nyumbani kuniombea. Babu yako akamkaribisha maziwa, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mwalimu, ukiweza kuwachunga hawa ng'ombe wewe, mchukue mtoto." Mwalimu akanywa maziwa akaondoka. Huko porini nilikuwa nasoma karatasi zilizofungiwa vitumbua. Nilisoma maandishi ya kwenye magunia. Hicho kidogo nilichokipata nilikishikilia kwa meno, na wewe umesimama mbele ya watu ukanivua.

Sasa nikukumbushe ilivyokuwa, maana ulikuwa darasa la pili, na nusu ya siku ile hukuwa na fahamu.

Pamba ilikuwa imeanza kufunga vitumba na wadudu walikuwa wengi. Nilipulizia shamba letu, nikapulizia la bibi yako, nikapulizia la jirani aliyekuwa mgonjwa. Dawa iliyobaki niliimimina kwenye chupa ya maji ya kunywa kwa sababu kopo lake lilipasuka. Mtu asiyejua kusoma angeiacha hivyohivyo. Mimi nikachukua maka peni nikaandika DAWA, kwa herufi kubwa, ili asije mtu akadhani ni maji akanywa. Nilijivuna kabisa. Bibi yako akaitazama ile chupa akasema, "Kumbe yale madarasa hayakupotea."

Siku chache baadaye nikaenda mnadani nikakununulia dawa ya mapunye. Muuzaji alikuwa nayo kwenye dumu, anampimia kila mtu kwenye chupa aliyokuja nayo. Nikafika nyumbani nikatoa maka peni ileile, nikaandika na hiyo: DAWA. Nikazipanga zote mbili juu ya ukuta, chini ya bati, mahali ambapo mkono wako haufiki. Baba mwangalifu.

Umeona ulipokosea pale ukumbini? Ile chupa niliisoma. Niliishusha, nikaigeuza kwenye mwanga, nikaisoma vizuri sana. Iliandikwa DAWA, na mwandishi ni mimi.

Kwa Kiswahili kila kitu ni dawa. Ya meno, ya viatu, ya panya, ya kikohozi. Na kwetu Kisukuma bugota ni bugota, iwe ya kumwinua mtu au ya kumlaza. Neno langu halikuwa la uongo. Lilikuwa fupi.

Utauliza kuhusu harufu, na daktari naye aliuliza. Nilikuwa nimebeba bomba la mgongoni siku nyingi mfululizo. Shati lilinuka dawa ya pamba, ugali ulinuka, mto wa kulalia ulinuka. Pua ilikuwa imechoka kunieleza.

Halafu nikaongeza jambo jingine. Nikakwangua sabuni ya mche nikaikoroga ndani. Kwenye pamba ndivyo tulivyokuwa tukifanya, maana maji matupu yanateleza kwenye jani, lakini ukitia sabuni dawa inashika. Nikadhani na kichwa cha mtoto ni jani. Ule mchanganyiko ukageuka mweupe kama maziwa. Nikakupaka taratibu, nikakufunga kitambaa ili isichuruzike machoni.

Ukaniambia, "Baba, inawasha."

Nikakwambia, "Ndiyo inafanya kazi."

Nimekata miwa miaka mingi, nimekatwa na panga, nimeangukiwa na mzigo wa miwa mguuni. Hakuna kilichoniuma kama hayo maneno matatu, na niliyasema kwa upole.

Jua halijafika utosini ukaanza kutokwa mate yasiyokatika. Jasho likakulowanisha kama mtu aliyetoka mtoni. Mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano, miguu ikatetemeka. Bibi yako akasema huu ni mkono wa watu, twende kwa mganga. Mimi nikakuweka kwenye baiskeli, mama yako akakushika kwa nyuma akikimbia, tukaenda zahanati.

Nesi akauliza, "Amekula nini?"

"Hajala kitu. Nimempaka dawa tu."

"Dawa gani?"

"Dawa ya mapunye."

Nilijibu bila kusita, na kwa jibu langu yule nesi akatafuta ugonjwa mwingine. Akapima homa, akafikiri degedege. Angefanya nini? Mtu mzima anayejieleza vizuri amemwambia ni dawa ya mapunye. Ningekuwa mtu wa kubabaika, labda angetilia shaka. Hali ilipozidi akatutafutia pikipiki tukakimbizwa hospitali ya Nyalikungu.

Kule tukapokelewa na daktari mmoja mwanamke, mfupi, si mtu wa kwetu. Naye akauliza, "Dawa gani?" Nami nikajibu vilevile. Hakubishana na mimi. Akakufungua kile kitambaa, akainama akanusa kichwa chako. Akainuka akaniangalia.

"Mzee, pamba yako unapulizia na nini?"

Hapo ndipo nilipoziona zile chupa mbili, Kabula. Niliziona zimesimama pale juu ya ukuta, na mwandiko wangu juu yake. Nikakaa chini sakafuni palepale. Yeye hakuwa na muda na mimi. Wakakuosha kichwa, wakakuosha tena, wakakuchoma sindano moja baada ya nyingine, na mama yako amesimama kama nguzo hataki hata kukaa.

Ulipona. Tulipokurudisha nyumbani bibi yako akakupapasa kichwa akasema, "Lakini mapunye yamepona kweli." Mama yako akatoka nje. Mimi nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mtu, na hakukuwa na wa kumpiga.

Kilichofuata wewe unakijua nusu. Sola nzima walianza kuniita Dawa. Nikipita kwenye mashine ya kusaga nasikia, "Dawa, shikamoo." Nikienda kwenye kikao wanasema, "Tumsikilize na Dawa." Hata watoto wadogo ambao hawakujua ilianzia wapi. Bomba la mgongoni nililitupa, na pamba bila dawa huko kwetu huvuni kitu. Ndivyo nilivyofika huku Kilombero kukata miwa ya watu wengine, mwezi ukawa mwaka, na mwaka haukurudi. Wewe ulikua ukinisikia kwenye simu.

Jina la Dawa sikulalamikia. Lilikuwa langu, nimelipata kwa mkono wangu. Hili jina jipya ulilonipa ukumbini silitaki.

Nilikupigia siku ileile, unakumbuka.

"Kabula, nani alikwambia sijui kusoma?"

Ukasema, "Baba, ulitaka niseme nini? Niseme uliandika mwenyewe? Wangekuona mzembe. Asiyejua kusoma wanamwonea huruma. Nilikulinda."

"Sikukutuma unilinde. Hayo ni mambo yangu."

"Yako?" Sauti yako ikabadilika hapo. "Baba, kichwa kilikuwa changu."

"Na mkono ulikuwa wangu."

Nikawa nasikia pikipiki za Bariadi zikipita nyuma yako. Ukakata wewe au salio langu likaisha, sijui. Sijakupigia tena na wewe hujanipigia tena.

Nimelifikiria neno lako nikikata miwa, maana kukata miwa kunamwachia mtu kichwa chake. Kichwa kilikuwa chako, ni kweli. Kuwasha ulisikia wewe. Una haki ya kusimulia, na usimulie popote, hata huko India wakuelewe au wasikuelewe. Sikukatazi. Ninachokikataa ni kwamba ulichukua kosa langu ukaweka ujinga mahali pake, ukadhani umenifanyia heshima. Mtu aliyekosea ni mtu aliyekuwa anajua kitu. Alikuwa na akili, akaitumia vibaya, kesho anaweza kuitumia vizuri. Mjinga wa kuhurumiwa mnamwacha pale alipo, mnapiga makofi, mnakwenda kula.

Sasa nije kwenye kazi yako yenyewe, kwa sababu hasira yangu ina miguu miwili na huu ndio wa pili.

Kabla ya mambo ya ukumbi ulinitumia picha. Chupa ya kioo, imeshikwa na mkono wako wenye glovu, na ndani yake maji meupe kama maziwa yenye ubluu kwa mbali. Ukaandika chini, "Baba, hii ndiyo kazi ninayokwenda kuisomea." Ulifurahi. Mimi nilipoona yale maziwa niliacha kula. Nilikupigia nikakuuliza kuna nini humo.

"Kuna sabuni," ukasema.

"Sabuni ya nini?"

"Si ya kufulia, baba. Tunaitengeneza wenyewe. Sabuni yoyote ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia unapenda mafuta. Sasa hii ya kwetu kwenye kichwa tumeifunga madini. Hapo ni shaba, ndiyo maana unaona ubluu."

"Shaba ya kutengenezea nyaya?"

"Hiyohiyo, ila kidogo sana, na imefungwa."

Niliitikia tu, ukadhani nimeelewa. Sikuelewa. Nilikuwa namkumbuka mtu anayekoroga sabuni kwenye dawa ili ishike. Tena wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza, ulipoanza chuo, kwamba siku ile sabuni ndiyo iliyozidisha mambo. Ukasema ngozi ina mafuta yake yanayozuia, na sabuni inayafungua kama mtu anayefungua mlango kwa ndani, sumu ikapita. Miaka yote nilijua nilikosea chupa. Wewe ukaniongezea kwamba nilikosea na sabuni. Haya, nikakubali. Halafu mtoto huyohuyo ananiambia anakwenda India kutengeneza sabuni ya shaba ya kuingiza kwenye damu ya watu.

Nikakuuliza, "Na hiyo haitamfungua mtu?"

Hapo hukunicheka, nakushukuru kwa hilo. Ulisema ikiwa peke yake ingeweza, hata seli ya damu ingeitoboa, na ndiyo maana hamuiachi peke yake. Mnaichanganya na mafuta ya aina ile iliyo kwenye kiini cha yai, huko kwenu mnayaita fosfolipidi. Mnayayeyusha pamoja, mnayakausha mpaka yanabaki utando kwenye kuta za chupa, kisha mnatia maji mnatikisa. Ule utando unajikunja wenyewe unakuwa vifuko vidogo ambavyo jicho halivioni, vina ukuta wa mafuta na maji katikati, na dawa inakaa ndani. Sabuni inakuwa imesimama ndani ya ule ukuta katikati ya mafuta, imeshikiliwa. Haina nafasi ya kuuma kama ikiwa huru.

"Na hiyo shaba inafanya nini humo?"

"Tunataka isaidie kuua vijidudu, baba. Kuna vidonda siku hizi havisikii dawa. Kifuko kinabeba dawa, na ukuta wenyewe nao unapigana. Tunataka kujua kama inawezekana."

"Mnataka kujua. Kwa hiyo hamjui."

"Bado hatujui."

"Na mtajulia kwenye kichwa cha nani?"

Ukasema kwanza ni seli kwenye visahani, kisha wanyama, na kabla ya mtu kuguswa kuna watu wengi wa kuuliza na kukataa. Nikakwambia basi vizuri, nikakata simu. Sikuwa nimeridhika. Sikuamini neno "tunataka kujua" likitoka kwa mtu mwenye kicheko sautini.

Bado sijaridhika. Sijui kemia, siwezi kukuambia shaba ikae wapi. Kama ulivyosema ndivyo ilivyo, basi ndivyo ilivyo, umesoma na mimi sijasoma huko. Huenda hicho kitu kitafaa watu. Huenda mtoto fulani huko Sola mwenye kidonda kilichooza atatibiwa nacho na mimi nitakuwa udongo. Lakini naijua hali moja ambayo wewe hujaijua bado, na chuo hakitakufundisha kwa sababu hakuna anayeomba kufundishwa. Ni hali ya mtu anayejiamini, mikono yake ni safi, anampenda aliye mbele yake, na anamwambia, "Ndiyo inafanya kazi."

Itakukuta. Si kwa uzembe. Utakuwa umechoka, pua yako imezoea, umeona maziwa ya namna hiyo mara nyingi hata hayakushangazi. Utakuwa na chupa mbili zinazofanana. Na juu yake mtakuwa mmeandika neno fupi, kwa sababu ninyi nyote mle ndani mnaelewana na mnajua mnachomaanisha. Mimi pia nilijua nilichomaanisha. Nilikuwa peke yangu, na bado sikuelewana na mimi mwenyewe kutoka Jumatatu hadi Ijumaa.

Kwa hiyo usiniandikie kwamba umetengeneza dawa. Sitaki kulisikia hilo neno kutoka kwako. Ukinipigia, niambie jina lote: sabuni gani, madini gani, mafuta gani, inafanya nini kwa nani, na nini hamjakijua. Hata kama sielewi. Yule daktari wa Nyalikungu hakuwa na mashine ya ajabu. Alikataa jibu la kwanza, basi. Wewe uko hai kwa sababu kuna mtu aliuliza dawa gani, na alipojibiwa akaona hajajibiwa.

Na siku utakapokosea, nakuomba jambo ambalo mimi sikulipata kwako. Usijifiche nyuma ya "sikujua". Utashawishika sana. Watu wenye huruma watakupa hiyo nafasi wenyewe, watakuambia kifaa kilikuwa kibovu, ulikuwa mgeni, lugha ilikuwa ngumu. Usichukue. Sema niliandika mimi. Utaitwa jina baya na utazunguka nalo. Mimi nimezunguka na langu miaka yote hii na bado nakula, bado nacheka, bado nalala. Lakini tangu uliponipa lile la huruma, mpishi ndiye anayesomea watu meseji.

Umeona nilivyoandika mengi, kwa mtu asiyejua kuandika.

Nkwabi yuko hapa anasubiri kupiga picha, anaulizia kama nimeandika na habari zake. Nimemwambia nimeandika kwamba mke wake anamkumbuka. Ndunguru anasema niandike na yeye anakusalimia, na kwamba yule mbuzi ametoka shambani.

Sijakusamehe. Nisingependa upande ndege ukidhani barua ndefu ni msamaha. Lakini nimewaza pia kwamba mwezi huku haukurudi, ukawa mwaka, na India ni mbali kuliko Kilombero. Mtambo haujatengenezwa. Asubuhi kuna gari linalotoka huku kwenda Morogoro, nami nitakuwa ndani yake.

Utanikuta Msamvu, upande yanakoingia mabasi ya kutoka Dodoma. Nimevaa lile shati la kijani unalolijua. Sitakuletea chakula. Nitakuwa na maka peni mpya, nene, ya wino usiofutika, utaichukua uende nayo kwenye hizo chupa zako.

Ila usinyooshe mkono dirishani. Shuka chini, usimame mbele yangu, unitazame, useme tena yale maneno ya ukumbini kama unaweza. Kama huwezi kuyasema nikiwa nimesimama hapo, basi usiyapeleke India, na useme yale ya kweli: baba yangu alijua kusoma, na aliyeandika ni yeye.

Najua dereva atapiga honi na kondakta atakufokea. Basi halikai sana Msamvu, lakini sentensi yenyewe ni fupi.

Mimi baba yako,
Masunga, wa darasa la sita.